Stephania Ukutani

IJUMAA, SAA KUMI JIONI

"Hakuna kisu," Masunga alisema. "Mtu akiingia na kisu mle ndani, mimi simo."

Chumba cha nyuma cha kibanda chake cha mabango, pale Malambo, kilinuka thina ya rangi mpaka macho yanawasha. Watu wanne walijibana humo. Ansbert, mwenye mchongo, alikalia debe la rangi. Jamaa mrefu, mpole wa sauti. Alikuja Bariadi kutoka Bukoba akiwa ofisa mwenye tai; kazi ikamponyoka kwa mambo ambayo watu huyasema wakishaangalia nyuma, na tangu hapo anaishi kwa dili. Ubavuni kwake Harieth, mwanamke wake, ambaye kila siku hukaa mapokezi kwenye Jumba la Sanaa anakata tiketi na kutabasamu. Mlangoni alisimama Januarius, dereva, mtoto wa hapa hapa, funguo za Noah zinamzunguka kidoleni.

Ramani ilichorwa kwa chaki nyuma ya bango la saluni. Upande wa mbele wa bango, mwanamke aliyesukwa twende kilioni alikuwa anasubiri mwenye saluni aje kumchukua.

"Turudie," Ansbert alisema. "Kesho maonyesho yanafungwa. Saa tisa ngoma, uwanjani mbele ya jumba. Watu wanatoka kutazama. Harieth anafungua komeo la mlango wa nyuma. Masunga anaingia, anashusha picha nne, anatoka. Noah ipo, inanguruma. Tunashika njia ya Lingeka. Ngoma ikiisha, sisi tuko Meatu tunakula nyama."

"Na mlinzi?" Januarius aliuliza.

"Mlinzi ni Mgalu, wa kule Binza," Masunga alisema. "Huyo sahau."

Ansbert hakuelewa, ikabidi aelezwe kama mtoto. Bagika na Bagalu ni pande mbili za ngoma, na kila nyumba ya Kisukuma ina upande wake tangu mababu. Zinacheza kwa wakati mmoja, kila moja kivyake, na itakayovuta watu wengi ndiyo imeshinda. Kukaa ndani wakati upande wenu unatafuta watu ni kuisaliti nyumba yenu. Mlinzi atatoka. Wageni watatoka. Hata mgeni rasmi atainuliwa kitini.

"Una uhakika watatoka wote?"

"Wote. Ngoma ikilia, atakayebaki ndani ni maiti."

Alisema hivyo kwa kinywa chake mwenyewe. Jamani.

"Na kisu hakuna," alirudia. "Vile vitambaa vimebanwa kwa pini. Nang'oa pini moja moja kwa koleo, naviringisha rangi ikiwa nje. Ukiiweka ndani inapasuka. Ukikata, umeua."

"Sawa, fundi. Hakuna kisu." Ansbert aliinua mikono juu akicheka. "Picha tatu zangu. Ya mkeo yako. Si ndiyo tulivyoongea?"

"Ndiyo tulivyoongea."

Harieth alimtazama Masunga, kisha akayahamishia macho kwenye kucha zake.

Mkewe ni Stephania. Ngoja tuliseme mapema, maana bila hilo huyu Masunga ataonekana jambazi kama majambazi wengine, na hakuwa hivyo. Alikuwa mchora mabango. Alichora saluni, bucha, maduka ya pembejeo, na maandishi nyuma ya malori ya pamba. Stephania yeye alichora kweli. Alinunua kitambaa kile kizito cha marobota ya pamba, akakipaka gundi, akakibana kwenye fremu, na akitoka hapo ni ng'ombe wa Lalago wanakutazama utafikiri wanataka kukuuliza jambo. Masika yaliyopita alikwenda kujifungua, akafa. Mtoto naye, wa kiume, hakulia hata mara moja. Masunga aliletewa vitu vya mkewe kwenye mfuko wa rambo, na kanga ambayo haikutumika.

Picha ya mwisho aliichora akiwa na mimba kubwa, miguu imevimba, anapumzika kila baada ya kitambo. Alijichora mwenyewe upande wa kushoto, amekaa. Kulia, juu ya lundo la pamba, akamchora mtoto. Siyo kichanga. Mtoto wa miaka mitatu hivi, kaptula imelegea, anakunja uso kwa jua. Mkono wa mama uko begani kwake.

"Umemwona wapi huyu?" Masunga alimuuliza siku ile.

"Namjua tayari," Stephania alisema. "Wewe subiri utaona."

Alisubiri. Hakuona. Mahali pekee duniani ambapo mwanawe alikuwa na uso ni pale ukutani, na Jumapili picha inapakiwa kupelekwa Dar, na kutoka Dar Ulaya. Kesho ndiyo siku ya mwisho.

JUMAMOSI, SAA TANO ASUBUHI

Walikwenda kupiga chabo kama wageni, Masunga na Januarius, wamechomekea.

Jumba la Sanaa ni ghala la zamani la pamba. Juu kwenye mbao za paa bado kuna nyuzi nyeupe zilizoganda tangu enzi za marobota, na upepo ukiingia zinadondoka mabegani mwa watu. Bariadi siku hizi ina wasanii, wewe acha tu. Mchonga viti kutoka Maswa alipanga vigoda vyake vya miguu mitatu. Vijana wanaochora bajaji walipewa ukuta mzima, wakaujaza rangi za kuumiza macho. Mwalimu mmoja wa sekondari alileta mvua, mvua tupu, karatasi kumi za mvua, na ukizitazama unajisikia kutafuta mwavuli. Bibi Wilhelmina alikalia mkeka katikati ya vibuyu vyake alivyovichoma michoro kwa msumari wa moto, anamfokea kila anayegusa.

"Macho yako yako mikononi? Tazama, usiguse!"

Masunga alipita humo taratibu. Haya yote yalianza na watu wawili. Yeye na Stephania, kwenye baraza la duka lililofungwa, wakichora Jumapili baada ya misa, watu wakipita na kuwauliza bango hili la nani. Ukisema wewe ni msanii, unaombwa uimbe. Sasa kuna jumba, kuna utepe wa kukata, kuna wanawake wa ofisini wanajipiga selfi mbele ya vibuyu. Na aliyeanzisha hayupo.

"Bwana Masunga!" Mzee Tumsifu, mwenye jumba, alimjia na mikono yote miwili. Mstaafu wa serikali, Mchaga, mtu wa heshima. "Pole bado, ndugu yangu. Umekuja kumuaga?"

"Nimekuja."

"Najua unaumia. Lakini marehemu aliliandikia jumba picha hii kwa hiari yake. Alitaka watu wamwone. Nimeshakwambia, nitakupigia picha nzuri ya hiyo picha, nitakutolea kubwa, utaining'iniza nyumbani."

Mara tatu Masunga alikuwa amekwenda kumwomba. Mara tatu alijibiwa kwa upole, na kuahidiwa kivuli tu cha picha. Ukimwibia mtu mbaya, unalala usingizi. Huyu mzee hakuwa mbaya, na hilo lilimkera Masunga kuliko yote.

Akasimama mbele ya picha. Stephania alimtazama. Mtoto alikunja uso. Unyuzi wa pamba ulidondoka ukatua kwenye fremu, na Masunga akaupuliza taratibu asije akagusa rangi. Halafu machozi yakamtoka hadharani, mtu mzima, akawa anayafuta kwa kiganja na yanakuja tena.

"Twende, kaka," Januarius alimvuta shati. "Unatuzingua. Watu wanaangalia."

SAA NANE MCHANA

Noah iliegeshwa nyuma ya mashine ya kukoboa. Ubavuni alichorwa jogoo mwekundu anayewika. Stephania ndiye aliyemchora, na Januarius hakuwahi kukubali afutwe hata gari ilipopigwa rangi upya.

"Oya, nikwambie kitu, ukaushe," Januarius alisema, macho mbele.

"Sema."

"Ansbert alikuwa kwenye simu jana. Yule mnunuzi hana shida na hizo nyingine tatu. Anaitaka ya shemeji. Hiyo tu. Zile tatu ni za kukuzuga wewe."

Kwa mbali ngoma zilikuwa zinapashwa moto, mtu anajaribu ngozi kwa kidole, du, du.

"Kwa nini unaniambia?"

"Ni huyo jogoo wa shemeji. Kila asubuhi namwona." Januarius alikohoa. "Lakini mimi nina watoto, Masunga. Ikichafuka mimi naondoa gari. Sitasubiri mtu. Nakwambia mapema tusije tukalaumiana."

"Sawa."

"Bado unaingia?"

"Naingia. Ya Stephania naishusha ya kwanza, naifunga kifuani ndani ya shati. Atakayeitaka anivue."

Ansbert alifika akiwa amevaa koti la kitenge kama mheshimiwa. Akawapa kila mmoja maji ya chupa. Akawauliza kama wamekula. Alikuwa na tabia hiyo, kukujali vizuri kabla ya kukuuza.

SAA TISA NA NUSU

Ngoma ilipolia kweli, ardhi iliitika.

Walisubiri nyuma ya ghala, kwenye ua ambako zamani malori yalipakia. Walisikia kundi la watu likimwagika kutoka mlango wa mbele. Vigelegele. Filimbi. Mtu anatangaza kwa kipaza sauti kwamba Bagalu wanacheza na chatu mwaka huu, na kelele ikapanda. Komeo likasogea kwa ndani. Harieth alichungulia, uso umelowa jasho.

"Mlinzi katoka. Mzee Tumsifu katoka. Fanyeni haraka."

"Ndani kweupe?" Ansbert aliuliza.

"Nimepita pembeni mbio kutoka mapokezi, sikuona mtu. Fanyeni, mimi nakwenda kusimama na wenzangu nionekane."

Akaondoka. Masunga akasukuma mlango, koleo mkononi, akaingiza kichwa.

Ghala lilikuwa tupu. Viti vimeachwa ovyo, mkeka wa Bibi Wilhelmina umebaki na vibuyu vyake. Na kule mwisho, mbele ya picha ya Stephania, mtu mmoja alikalia kigoda cha Maswa, amempa mgongo. Mwanamke. Kitambaa cheusi kichwani, kanga mabegani, visigino vimepasuka kwa shamba. Alikuwa anazungumza kwa sauti ya chini, Kisukuma, anaisimulia picha habari za mvua, habari za ndama aliyezaliwa, habari za jirani aliyeoza meno.

Sauti hiyo Masunga aliijua. Sura hakuijua.

Akarudi nyuma, mgongo ukagonga ukuta.

"Kuna mtu," alisema.

"Nani?"

"Mama Klementina. Mama mkwe wangu."

Hapo ndipo Masunga alipoona upumbavu wake wote kwa mara moja. Mwenye msiba haendi ngomani. Mama aliyezika binti na mjukuu hatii mguu penye ngoma, hata upande wake ukishindwa mpaka ukome. Yeye mwenyewe tangu mazishi hakuwa amesogelea ngoma. Alijua. Mtoto mdogo wa Kisukuma analijua. Lakini alipokuwa anapanga alifikiria watu wote wa Bariadi, akasahau wafiwa.

"Sasa?" Ansbert alisema. "Bibi mmoja. Ingia umwambie atoke."

"Siwezi kuingia."

"Huwezi nini?"

"Ni mkwe. Mimi mkwilima, mume wa binti yake. Hatuonani uso kwa uso. Nikimkuta njiani naingia shambani mpaka apite. Miaka sita ya ndoa namsikia kupitia ukuta. Hata kwenye mazishi nilisimama upande wa pili wa watu."

Ansbert alimkodolea macho. Kisha akamgeukia Januarius, aliyekuwa kwenye usukani, kioo kimeshushwa.

"Huyu ananitania?"

"Hakutanii, bosi," Januarius alisema. "Hawezi. Hata mimi nisingeweza. Tusepeni tu, mchongo umekufa."

"Mchongo haufi kwa sababu ya bibi kizee!"

Akaingiza mkono ndani ya koti la kitenge. Kikatoka kisu, kipya, kile cha kukatia mazulia.

"Tulisema hakuna," Masunga alisema.

"Wewe ulisema."

Na akaingia.

Masunga alibaki nje, kisogo ukutani, anasikia. Hilo ndilo litakalomtesa mpaka anakufa, kwamba alisimama pale akasikia, kwa sababu ya heshima. Alisikia viatu vya Ansbert kwenye sakafu. Alisikia mama Klementina akigeuka kwenye kigoda.

"Karibu, baba," mama alisema kwa Kiswahili, taratibu. "Na wewe umekuja kumwona mwanangu?"

Viatu vikaendelea kusogea.

"Huyo ni Stephania. Na huyo mdogo ni mjukuu wangu. Sikumwona. Waliniambia picha inaondoka, nikapanda gari ya kwanza kutoka Lalago."

"Mama, sogea."

"Subiri kidogo, baba. Bado namwangalia."

Kisha sauti ya kisu kwenye kitambaa. Sauti hiyo Masunga aliifahamu kwa mkono, kama mfumaji anavyofahamu uzi ukikatika. Mama alipiga kelele, "Unafanya nini? Unamkata! Unamkata mwanangu!" Kigoda kikaanguka. Halafu mchaniko mrefu, mkavu, na mtu akaanguka sakafuni.

Masunga akaingia.

Alikimbia katikati ya vibuyu, viwili vikapasuka chini ya miguu yake. Mama Klementina alikuwa chini, amekumbatia kipande cha picha kwa mikono yote. Ansbert alishika kingine. Walikuwa wamevutana, na kitambaa kikafuata njia ya kisu, kikachanika katikati. Masunga alimpiga Ansbert na koleo begani. Akampiga tena. Ansbert hakupiga kelele. Aligeuka tu na kile kisu, na mkono wa kulia wa Masunga, ule wa kuchorea, ukafunguka kutoka kiganjani hadi karibu na kiwiko.

"Mjinga wewe," Ansbert alisema, anahema. "Kwa picha!"

Akakimbia na kipande chake. Masunga alimfuata mpaka mlangoni, damu inamwagika. Noah ilishaanza kuondoka. Ansbert alijirusha ndani, mlango unapigapiga. Januarius alitazama kwenye kioo cha pembeni, macho yao yakakutana, kisha akaondoa gari kama alivyosema ataondoa. Jogoo mwekundu akapita getini. Stephania akaenda naye.

Masunga angeweza kukimbia. Ua ulikuwa wazi, ukuta mfupi, na watu wote wa Bariadi walikuwa wanamtazama chatu. Alisimama hapo. Kisha akarudi ndani.

Mama Klementina bado alikuwa sakafuni, nyonga imemkataa. Aliposikia hatua alichungulia kidogo, akaona viatu vyenye madoa ya rangi, akajua ni nani. Na hapo chini, ameumia, ameibiwa, akajifunika kanga usoni na kumgeuzia mgongo mkwilima wake, kwa adabu.

Masunga alilia kwa sauti. Akapiga magoti, akapitisha mikono chini ya mabega ya mama mkwe, mahali ambapo mkono wa mkwe haujawahi kufika, akamwinua na kumkalisha kwenye kigoda. Damu yake ikalowesha kanga. Mama alikibana kipande chake kifuani.

Ngoma ikakoma. Watu wakaanza kurudi wakicheka, na wa kwanza mlangoni alikuwa Harieth. Aliona ukuta mtupu, damu, koleo. Akampima Masunga kwa macho, kisha akajipima mwenyewe.

"Mwizi!" alipiga yowe, kidole mbele. "Huyu hapa! Nilimwona asubuhi akilia mbele ya picha! Mkamateni!"

Masunga hakubisha.

JUMATATU ASUBUHI

Gari lilikutwa limeachwa Lingeka, kwenye shamba la pamba. Januarius alikamatwa kwa mjomba wake akiwa chini ya kitanda, akamtaja Harieth kabla hajaulizwa. Ansbert hakuonekana. Kile kipande cha Stephania hakikuonekana.

Kituoni walimtoa Masunga mahabusu, mkono umefungwa bandeji, vidole vimevimba. Daktari alimwambia viwili havitakunjika tena. Kwenye meza ya inspekta ulilazwa ule upande wa kulia wa picha, umewekewa kikaratasi cha namba. Koplo Judica, msichana wa Shirati mwenye sauti ya darasani, alimshika mama Klementina mkono akamsogeza kwenye kiti. Kanga ilimfunika uso.

"Mama, tunaomba umtazame huyu. Je, alikuwepo?"

"Simtazami," mama alisema ndani ya kanga. "Ni mkwe wangu."

Inspekta alishusha pumzi. "Mama, hapa kituoni hatuna ukwe. Nahitaji useme umemwona au hukumwona. Ukisema hukumwona usoni, mimi nina dereva mwongo na msichana wa mapokezi mwongo, na wakili yeyote atamtoa. Nakwambia ukweli."

Masunga aliinua kichwa. Hakuwa amelifikiria hilo. Kumbe ile adabu ya kanga inaweza kumfungulia mlango. Alipaswa kufurahi, lakini alichojisikia ni baridi.

Mama Klementina alinyoosha mkono kwenye meza. "Nipeni huyo."

Koplo Judica alimtazama inspekta, inspekta akaitikia. Akampa kile kipande. Mama alikitandaza magotini, akakipapasa ukingo uliochanika. Mtoto alikunja uso kwa jua. Begani kwake vidole vinne vya Stephania vilikuwa bado vipo, vimeshika, na baada ya vidole hapakuwa na mtu.

Alikitazama kwa muda mrefu. Kisha, jambo ambalo hakuna aliyetarajia, mama Klementina alishusha kanga mabegani na kumtazama mume wa binti yake usoni. Mara ya kwanza. Alikuwa na macho ya Stephania, yale yale, na Masunga hakuwa amejua.

Mama aliangalia chini kwa mtoto, akaangalia juu tena.

"Masikio," alisema. "Na huku kukunja uso. Tangu Jumamosi najiuliza mtoto huyu kafanana na nani, kwetu hayupo mwenye sura hii. Kumbe ni wewe."

Kila siku Masunga alikuwa anaitazama ile picha akitafuta uso wa mwanawe. Hakuwahi kuona kwamba ni wake.

"Andikeni," mama alimwambia inspekta, sauti imenyooka. "Aliyenisukuma ni mwingine, mrefu, mwenye koti la kitenge. Huyu aliingia baadaye akanipigania. Lakini walikuja pamoja. Nilisikia wakibishana mlangoni, na sauti yake naijua. Siwezi kusema uongo nimempakata mtoto."

Koplo aliandika. Kalamu ilikwaruza. Nje bajaji ilipiga honi.

"Umesikia, Masunga?" inspekta alisema.

"Nimesikia."

"Una la kusema?"

Mama Klementina ndiye aliyekuwa nalo. Alimgeukia mkwilima, na kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile akazungumza naye mwenyewe, bila kumtuma mtu, bila ukuta kati yao.

"Ulijua picha inaondoka. Kwa nini hukuniambia? Mimi nilipata habari kwa watu wa mnadani."

"Mayu, mama, nisingeweza kukaa na wewe. Mwiko."

"Mwiko ni kutazamana." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Ungekuja ukakaa nyuma yangu. Wote tunamtazama yeye. Hapo mwiko uko wapi, baba? Tungekaa siku nzima."

Masunga aliinama mpaka paji la uso likagusa meza. Alisikia kitambaa kikikunjwa taratibu, rangi ikiwa nje, kisha kikiwekwa mikononi mwa koplo.

"Kitunzeni vizuri," mama Klementina alisema. "Kisipigwe na jua."

Akavuta kanga akajifunika tena, akainuka kwa kuegemea kiti, na koplo Judica akamsindikiza mpaka kituo cha basi, kwa sababu gari ya Lalago ilikuwa inakaribia kuondoka.